Ngome ya Lamu: askari, wafungwa, kisha vitabu

Ngome ya Lamu ina miaka mia mbili na ushei. Imeshakuwa kambi ya askari, jela, makumbusho, maktaba, ukumbi wa harusi na ofisi za watu wa uhifadhi. Orodha ndefu namna hiyo si jambo geni kwa jengo kongwe la pwani. Linalonishughulisha mimi ni kwamba katika mageuzi yote hayo umbo la msingi limebaki lilelile: pande nne za kuta nene zilizozunguka ua usioezekwa, minara ya mviringo pembeni, na lango linalotazama uga wa Mkunguni. Kila aliyelichukua jengo alilazimika kupatana nalo. Wengine walipatana nalo vizuri, wengine waliligeuza pahali pa kuogopwa, na hesabu ya nani alifanya nini bado inalipwa hadi leo.

Tuanze na sababu ya kujengwa kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Lamu ilikuwa na maadui wawili walioungana, kisiwa cha Pate upande wa kaskazini na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, upande wa kusini. Majeshi yao yalishuka Shela, mwendo mfupi kutoka mjini, na yakashindwa vibaya. Simulizi za Lamu zinasema maji yalikupwa, vyombo vikakaa juu ya mchanga, na waliotaka kukimbia hawakuwa na pa kukimbilia. Vitabu havikubaliani juu ya mwaka. Utasoma 1812, 1813, hata 1814. Lakini yaliyofuata vita hayana ubishi. Watu wa Lamu, ambao wakati huo Bwana Zahidi Mngumi alikuwa mmoja wa viongozi wao wakubwa, walijua kuwa adui aliyeshindwa mara moja anaweza kurudi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said, Sultani wa Oman. Ulinzi ukaja, na askari wake wakaja nao. Ngome ikakamilika mwaka 1821.

Wapo wanaosimulia kwamba msingi ulianza kuwekwa kabla ya vita, na aliyeuanzisha ni Sultani wa Pate mwenyewe, Fumo Madi, aliyefariki mwaka 1809 kabla ghorofa ya kwanza haijaisha. Kama ndivyo, basi jengo hili lilibadilisha kazi hata kabla ya kuezekwa: lilianzishwa na mtu aliyetaka kuitawala Lamu, likamalizwa na Lamu iliyotaka kujikinga na watu wa Pate. Na kinga hiyo nayo ilikuwa na bei. Walioingia ngomeni walikuwa askari wa Sultani, wengi wao Mabaluchi, na Lamu iliyokuwa ikijitawala kupitia wazee wake ikajikuta chini ya liwali, gavana wa Sultani. Kutoka hapa Waoman walipata kituo cha kupanulia mamlaka yao pwani. Mazrui wa Mombasa waliangushwa mwaka 1837. Siyu, mji mdogo ndani ya kisiwa cha Pate, ulikuwa mkaidi zaidi; ulilishinda jeshi la Seyyid Said katika miaka ya 1840 na haukusalimu amri hadi enzi ya mwanawe, Majid, katika miaka ya 1860.

Boriti ndiyo iliyoamua

Kabla hatujaendelea na watawala, inafaa tulitazame jengo lenyewe kwa karibu, maana bila hivyo mageuzi yake hayaeleweki.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia: mawe hupangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, kisha unga wake ukazimwa kwa maji na kuachwa upoe kabla ya kutumika. Dari ni boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya mawe, juu yake tena zege la chokaa lililopigwapigwa mpaka likashikana. Mafundi wa Pate, Siyu na Lamu walijenga hivyo nyumba, misikiti na ngome bila tofauti kubwa.

Sasa, boriti ya mkoko ni ngumu, mchwa hawaipendi, lakini ina kikomo. Ukiibebesha mzigo wa dari la mawe haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vyumba vya ngome viko hivyohivyo. Fundi angeweza kukipa chumba urefu wowote autakao, lakini upana ulikuwa umeshaamuliwa na mti.

Fuata matokeo yake. Chumba kirefu chembamba kinafaa kulaza askari, mstari mmoja wa vitanda na njia ya kupita. Kinafaa, kwa bahati mbaya, kugawanywa kuwa seli. Kinafaa kuwekwa rafu za vitabu ukutani na meza katikati. Kwa maonyesho ya makumbusho kinafaa kidogo tu, kwa sababu mgeni huingia upande mmoja na kutokea mwingine akiwa ameona kila kitu kwa mpango ambao jengo limempangia. Na kwa mkutano wa watu mia mbili hakifai kabisa. Mkutano wa namna hiyo lazima ufanyike uani, juu yake mbingu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ngome ilikuwa na aina mbili za nafasi: vyumba vinavyobana na ua unaopokea. Kila mmiliki alichagua ni ipi aipe uzito.

Jambo jingine lililobadilika bila mtu kuligusa jengo ni bahari. Ngome ilipojengwa ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo iko kama mita 70 kutoka gatini. Katikati hapo ufuo ulijazwa kidogokidogo, nyumba za wafanyabiashara zikapanda juu yake, na barabara ya mbele ya mji ikasogea baharini. Usita wa Mui, ambao leo ndio njia kuu yenye maduka, ulifuata ufuo wa zamani. Ngome ya kulinda bandari iliyofichwa nyuma ya maduka haiwezi kulinda bandari. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi tunadhani jengo hupoteza kazi yake pale serikali inapobadilika. Hapa mizinga ilikosa la kutazama kwa sababu mji ulijijengea mbele yake, na hilo lilikuwa dalili ya neema. Karne ya 19 Lamu ilikuwa ikiuza pembe za ndovu, boriti, ngozi na ufuta, na aliyekuwa na mali alitaka kujenga karibu na maji.

Miaka 74 ya kufuli

Waingereza walipochukua utawala wa pwani mwaka 1895, mwambao wenyewe ulihesabika kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, lakini aliyeshika funguo alikuwa ofisa wa Kiingereza. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, biashara ikahamia huko pamoja nayo. Lamu ikabaki na majengo makubwa kuliko kipato chake. Mwaka 1910 ngome ikafanywa jela.

Uamuzi huo haukuwa wa Lamu peke yake. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa imefanywa jela tangu 1895. Ukiwa mtawala mwenye bajeti ndogo, na mjini kuna jengo lenye kuta nene, ua wa katikati na lango moja ambalo askari wachache wanaweza kulilinda, hutajenga jela mpya. Ngome huundwa kuzuia watu wasiingie. Geuza upande wa komeo, inazuia watu wasitoke.

Jela ile ilidumu hadi 1984. Miaka 74, na sehemu ya mwisho ikiwa chini ya Kenya huru, iliyoirithi kama ilivyo na kuendelea nayo kwa miaka zaidi ya ishirini. Ngome ya Yesu iliachishwa kazi hiyo mwaka 1958, ikafunguliwa kama makumbusho 1960 kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Lamu ilingoja robo karne zaidi. Tofauti hiyo inaeleweka: Mombasa ilikuwa bandari kuu, wageni walipita kila siku, na Wareno walikuwa na sababu yao ya kuitaka ngome ile ing'ae. Lamu haikuwa na mfadhili wa nje aliyejiona ndani ya kuta zake.

Watu wa uhifadhi hupenda kusema kuwa jela iliiokoa ngome, kwa sababu jengo linalotumika lina anayeziba paa linapovuja, na jengo lililoachwa hubomolewa mawe yakajenge kwingine. Kuna ukweli hapo. Magofu ya Takwa, ng'ambo ya mlango wa bahari katika kisiwa cha Manda, yanaonyesha yanayoupata mji wa mawe watu wakiuhama. Lakini mimi hesabu hiyo naiona pungufu. Jela iliokoa kuta na ikaharibu uhusiano. Vizazi vitatu vya watu wa Lamu vilizaliwa, vikakua na kuzeeka pembeni mwa jengo kubwa kuliko yote mjini, katikati kabisa ya mji, bila kuwa na sababu njema ya kupita langoni mwake. Mgeni anayelipiga picha leo huona fahari ya mji. Mzee aliyekulia mitaa ya Mkomani au Langoni alikuwa na haki kamili ya kuona kitu kingine.

Na kulikuwa na sababu ya ziada. Katika miaka ya 1950 visiwa hivi vilitumiwa na serikali ya kikoloni kuwafungia watu wa bara walioshukiwa kuwa wa Mau Mau. Manda ilikuwa na kambi yao. Umbali wa Lamu, ambao leo huuzwa kwa watalii kama utulivu, uliwahi kuwa silaha.

Makumbusho ya nini, na ya nani?

Wafungwa walipoondolewa, jengo likakabidhiwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK). Ukarabati ulifanywa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Sweden, SIDA. Wakati uleule mji mzima ulikuwa ukianza kutazamwa kwa jicho jingine: tafiti za majumba zilishafanywa tangu miaka ya 1970, na mwaka 1986 mji mkongwe ukatangazwa rasmi kuwa urithi unaolindwa na sheria. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Swali gumu halikuwa jinsi ya kukarabati. Lilikuwa: ndani muwekwe nini? Lamu ilikuwa tayari na makumbusho ya utamaduni wa Waswahili pale barabara ya mbele, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, msimamizi wake wa kwanza akiwa James de Vere Allen. Humo mlishajaa siwa (pembe za kupulizwa kwenye sherehe), milango, vyombo vya baharini na mapambo ya harusi. Kurudia yaleyale katika jengo la pili lililo karibu hivyo kungekuwa kuwauzia wageni tiketi mbili za kitu kimoja. Ikachaguliwa mada ya mazingira: bahari, uvuvi, mikoko, viumbe wa visiwa hivi.

Nimesikia watu wakiucheka uchaguzi huo, kwamba ngome ya vita na jela ya mkoloni inawezaje kupambwa kwa samaki. Mimi nautetea, kwa nusu. Nusu ninayoitetea ni kwamba mji huu unaishi kwa bahari na mikoko, na mtoto wa Lamu ana haki ya kuona maisha ya babu yake yakichukuliwa kuwa elimu. Nusu nisiyoitetea ni ukimya juu ya ile miaka 74. Jengo lililofungia watu kwa muda mrefu kuliko lilivyokaa chini ya utawala wa Kenya huru hadi sasa lilistahili angalau chumba kimoja kinachosimulia nani alifungwa humo na kwa kosa gani. Historia ya Waoman na vita vya Shela husimuliwa kwa hamu. Ya jela hutajwa kwa sentensi moja yenye miaka miwili, wa kuanza na wa kwisha.

Jambo lililonyooshwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni maktaba. Rafu zinakaa vizuri katika chumba cha mita tatu. Kuta nene ambazo zilimkosesha mfungwa upepo humpa msomaji ubaridi saa saba mchana, wakati mtaa wa nje unachoma. Na muhimu kuliko hayo, maktaba humleta mtu huyohuyo kesho na keshokutwa. Mtalii huingia ngomeni mara moja katika maisha yake. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani huingia kila siku, na mama yake anajua yuko wapi. Hivyo ndivyo lango linavyotolewa woga.

Ua nao ulirudishwa kazini: mikutano, semina, michezo ya kuigiza, sherehe za harusi. Sidhani kama wafadhili wa nje waliipa harusi uzito mkubwa walipokuwa wakipanga makumbusho ya mazingira, lakini ndiyo inayofanya familia za mji zilihesabu jengo kuwa lao. Mahali ulipoozwa dada yako si mahali pa kuogopwa tena. Ua ule ulikuwa na ukubwa huo tangu mwanzo. Ulipangwa kukusanyia askari.

Tiketi haitoshi

Ubaya wa kulitegemea jengo kwa viingilio vya wageni ulidhihirika Lamu mapema na kwa ukatili. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara huko Kiwayu na Manda, na watalii wakaikimbia kaunti nzima. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, upande wa bara, kisha kafyu ikawekwa. Mji wenyewe wa Lamu haukushambuliwa, lakini onyo la safari linalotolewa na balozi halitofautishi kisiwa na bara. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, ukafunga kila makumbusho nchini.

Ukizipanga kazi za ngome kwa kipimo hiki, nani hubaki wageni wasipokuja, utaona makumbusho peke yake yangekuwa yamelala. Msomaji anabaki. Anayeoa anabaki. Ofisi ya uhifadhi inabaki, tena siku hizo ndizo yenye kazi zaidi, maana nyumba za mawe hazingoji msimu wa watalii ndipo zipasuke. Jengo lenye kazi nne ndogo limevumilia zaidi kuliko ambavyo lingevumilia na kazi moja kubwa, na nadhani hili ndilo ambalo wasimamizi wa ngome nyingine za pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Siyu, wangepaswa kulitazama kabla ya kuandika ombi la fedha.

Halafu kuna Mkunguni, ambao haupo ndani ya ngome na ndio unaoilinda kuliko chochote. Uga huu ulioko mbele ya lango ulipata jina kutokana na miti yake ya mikungu. Soko liko ubavuni. Wazee hukaa barazani, bao linachezwa, punda wanapita na mizigo, mwanasiasa akija hapa ndipo anapohutubia, na siku za tamasha la utamaduni watu hujaa mpaka pa kuweka mguu hakuna. Wakati wa jela maisha hayo yalikuwa yakiendelea nje ya ukuta. Kilichobadilika tangu 1984 ni kwamba lango lipo wazi na anayechoka na jua anaweza kuingia. Ukihamisha ngome hii ukaiweka Shela juu ya mchanga, kwenye hoteli nzuri, ingekuwa na wageni zaidi na isingekuwa na mji.

Kazi ya sasa ni ya ukarabati, nayo haina mapambo. Adui wa kwanza ni saruji. Inapatikana kila duka, inakauka upesi, na fundi kijana ameizoea. Ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe inaziba vinyweleo vya jiwe. Unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, vinakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inabanduka ikiwa imeondoka na uso wa jiwe lenyewe. Chokaa ni laini kuliko jiwe, huchakaa yenyewe badala ya kulichakaza jiwe, na unaipaka upya. Tatizo ni kwamba chokaa inataka mtu anayejua kuichoma na kuizima, muda wa kungoja, na mwajiri asiyekuwa na haraka ya kufunga hesabu za mwaka.

Adui wa pili si adui. Ni sheria njema. Boriti zinaoza, hasa vichwa vyake vilivyozama ukutani ambako maji ya paa hupenya, na hubadilishwa kwa boriti nyingine. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982 kwa sababu misitu ilikuwa ikiisha, na sehemu kubwa ya mikoko iliyobaki nchini iko katika kaunti hii ya Lamu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, wakataji mikoko wa Lamu walipiga kelele kwamba riziki yao imefungwa, na ilikuwa kweli. Mwenye nyumba ya mawe anayehitaji boriti chache za dari yake yuko katikati ya pande hizo mbili, na ngome iko hapohapo pamoja naye, ikiwa na mikoko katika mada ya maonyesho yake na mikoko ikishikilia dari juu ya maonyesho hayo. Anayepanga bajeti ya paa la ngome leo lazima akubaliane na idara ya misitu kabla hajakubaliana na fundi.